Meza ya Karibu na Choo: Dim Sum, Hong Kong na Swali la Nani Anakaa Wapi

Kuna stori moja ya Hong Kong ambayo imekataa kunitoka kichwani. Ni miaka ya 1950. Ndugu wawili Wachina, James Wu na S. T. Wu, wanaenda kula kwenye mkahawa wa Kizungu mjini. Pesa wanayo. Mlangoni hakuna mtu anawafukuza. Wanaingizwa ndani vizuri tu, halafu wanapelekwa kwa meza iliyo karibu na choo. Meza nzuri ni za Wazungu. Na kumbuka hatuongelei London hapa. Tunaongelea mji ambao karibu kila mtu unayepishana naye barabarani ni Mchina.

Hao ndugu walichoka na hiyo meza. Mwaka 1956 wakafungua mkahawa wao, wakauita Maxim's. Ulikuwa wa kifahari, chakula cha Kimagharibi, ila hapo Mchina hangepelekwa karibu na choo kwa sababu ya sura yake. Leo Maxim's ni moja ya kampuni kubwa kabisa za chakula Hong Kong. Wana mikahawa ya dim sum, wana maduka ya mikate na keki, na hata Starbucks ya huko ni wao wanaiendesha. Yote hiyo ilianza na watu wawili kupewa meza mbaya.

Wengi wenu mnanijua kwa posti za chakula: nimekula wapi, sahani ilikuwaje, bei ilinipiga wapi. Leo nataka tuangalie upande ule kamera huwa haionyeshi. Kila mkahawa una chakula, na kila mkahawa una mpangilio wa nani anakaa wapi. Hong Kong ndiyo darasa zuri zaidi la kusoma huo mpangilio, na kitabu chenyewe ni dim sum.

Kwanza, tunaongea kuhusu nini

Kama hujawahi kula, dim sum ni vyakula vidogo vidogo vya Wachina wa kusini, wale wa Guangzhou na Hong Kong wanaoongea Kikantoni. Vinaletwa vitatu au vinne kwenye kikapu cha mwanzi kilichotolewa kwa mvuke, moshi ukifuka. Kuna har gow, kamba waliofungwa ndani ya ngozi nyembamba ya unga mpaka unaona rangi ya kamba kwa ndani. Kuna siu mai, ya nyama ya nguruwe, iko wazi juu kama kikombe. Kuna char siu bao, mkate mweupe laini wenye nyama tamu ndani. Kuna miguu ya kuku, na hiyo tutairudia, maana inatuhusu sisi sana.

Jina dim sum watu hulitafsiri kama kugusa moyo. Lakini ukiwa Hong Kong husemi "twende tukale dim sum". Unasema "twende yum cha", maana yake twende tukanywe chai. Chai ndiyo ilikuwa sababu ya kutoka nyumbani, chakula kilikuja kuisindikiza. Ni kama vile Mkenya akikwambia "kuja tupige chai" halafu unapata kuna chapati, mayai, viazi vitamu na maongezi ya saa tatu. Chai ni kisingizio cha watu kukaa pamoja.

Mwanzoni hapakuwa na ufahari wowote. Nyumba za chai za Guangzhou karne ya 19 zilijaa wabebaji mizigo, wafanyabiashara wadogo, watu wa safari. Kulikuwa na oda moja ya kawaida ambayo mpaka leo ina jina lake: bakuli moja la chai, vipande viwili. Basi. Mtu anakunywa chai, anakula vipande vyake viwili, anapumzisha miguu, anasikia habari za mji, anarudi kazini. Hiyo ni hoteli ya kawaida ya mtaani kwetu, ile ya chai na mandazi mbili, ikiwa na lugha tofauti.

Hata adabu zake ni za watu wa kawaida. Mtu akikumiminia chai, unagonga meza taratibu kwa vidole kumshukuru. Kuna hadithi kwamba mfalme Qianlong, karne ya 18, alikuwa akisafiri kwa siri amevaa kama raia, akammiminia chai mtumishi wake. Mtumishi hangeweza kupiga magoti, angemchoma mfalme, kwa hivyo akakunja vidole kama magoti na kugonga meza. Ikiwa ni kweli au ni hekaya, angalia watu wameamua kukumbuka nini: siku ambayo mkubwa alimhudumia mdogo.

Mji uliopangwa kwa rangi

Sasa tuingie Hong Kong yenyewe. Waingereza waliichukua wakati wa vita vya kasumba, na mkataba wa Nanking wa 1842 ukawapa kisiwa rasmi. Wakakaa mpaka tarehe 1 Julai 1997. Katika hiyo miaka walijenga mji wa biashara ambao ulitajirika sana, na wakaupanga kwa rangi.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, Mchina aliyekuwa nje usiku alitakiwa kubeba taa na pasi ya kumruhusu kutembea. Kwenye mji wao wenyewe. Mkenya yeyote aliyekaa darasa la historia bila kusinzia ameshakumbuka kipande, kile ambacho mwanaume Mwafrika alilazimishwa kuning'iniza shingoni kuanzia karibu 1920. Serikali ilikuwa moja, mbinu ni zilezile.

Halafu kulikuwa na Peak, ule mlima wenye hewa baridi na mandhari ya bandari. Mwaka 1904 ikapitishwa sheria ya kuutenga, Wachina wasikae huko, isipokuwa watumishi. Sheria hiyo ilifutwa 1946. Kwa zaidi ya miaka 40, Mchina angeweza kupanda huo mlima akiwa amebeba sahani ya Mzungu, lakini hangeweza kulala huko kama mwenye nyumba. Sisi tulikuwa na nyanda za juu za Wazungu, tukawa na Muthaiga upande mmoja na Pumwani upande mwingine.

Ukijua hayo, ile meza ya karibu na choo inaacha kuwa bahati mbaya ya siku moja. Sheria ya Peak ilikuwa imefutwa miaka kumi nyuma, lakini weita bado alikuwa anaifuata. Hakuna mtu alikuwa amemwandikia popote. Aliangalia tu sura mlangoni, miguu yake ikajua njia ya kwenda kwa ile meza. Sheria inaweza kufutwa kwa kura ya mchana mmoja. Kuifuta kutoka kwa miguu ya mhudumu inachukua muda mrefu zaidi.

Wachina wenyewe wakati huo walikuwa na dunia yao ya kula. Luk Yu Tea House ilifunguliwa 1933, ikapewa jina la Lu Yu, mtu wa enzi ya Tang aliyeandika kitabu maarufu kuhusu chai. Mpaka leo iko, na feni zake za dari na viti vya mbao nzito. Lin Heung, jina lililotoka Guangzhou, ilikuwa na tabia tofauti kabisa: hakuna kuhifadhiwa meza. Unaingia, unaangalia nani anakaribia kumaliza, unasimama karibu naye kama mtu anayengoja kiti kwa matatu. Kikipatikana, unakaa na watu usiowajua. Tajiri, dereva, mzee mstaafu, wote kwa meza moja ya duara. Wazee wengine walikuja asubuhi na mapema na ndege wao kwenye vitundu, wanavitundika, wanasoma gazeti, ndege wanaimba.

Napenda sana hiyo picha. Upande mmoja wa mji, meza inakuambia wewe ni nani. Upande mwingine, mitaa michache tu kutoka hapo, meza haijali.

Nyumba ndogo, meza kubwa

Kwa nini dim sum ikawa kubwa hivyo Hong Kong? Jibu liko kwa nyumba.

Vita vilipoisha 1945, Hong Kong ilikuwa na watu kama 600,000. Halafu China ikaingia kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Wakomunisti wakashinda 1949, watu wakakimbia kusini. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 mji ulikuwa na zaidi ya watu milioni 2. Kati yao walikuwepo wapishi wazuri wa Guangzhou, wamebeba mikono yao tu. Wengi waliobaki walijenga vibanda vya mbao na mabati kwenye milima, nyumba zimebanana.

Usiku wa Krismasi 1953, moto ukawaka Shek Kip Mei. Zaidi ya watu 50,000 wakabaki bila makao kwa usiku mmoja. Kama umeishi Nairobi unajua hiyo harufu, mabati ya moto na watu wakikimbia na magodoro. Serikali ya kikoloni ikaanza kujenga majengo ya ghorofa ya kuwahamishia watu. Kipimo chao kilikuwa futi za mraba 24 kwa mtu mzima mmoja. Hebu pima hapo ulipo: ni kama kitanda kimoja na nafasi ya kusimama. Choo na maji ni ya kushirikiana.

Sasa niambie, familia ya watu saba kwenye chumba kimoja itakaribisha shangazi wapi? Bibi arusi ataonyeshwa kwa wakwe wapi? Mzee atatimiza miaka 60 wapi? Kwa mkahawa. Yum cha ya Jumapili ikawa sebule ya mji mzima. Mikahawa ikawa mikubwa kama kumbi, mamia ya watu kwa mara moja, watoto wakizunguka, nyanya akimwekea mjukuu siu mai kwa bakuli. Zamani wahudumu walibeba sinia iliyofungwa kwa kamba shingoni, wakipita wakitangaza walicho nacho. Baadaye vikaja vile vitoroli vya magurudumu, vikapu vimepangwa juu, mama anasukuma akiita majina ya vyakula. Huhitaji kujua kusoma menyu. Unaangalia, unanyoosha kidole, kadi yako inapigwa muhuri.

Watu wanaposema dim sum ni utamaduni, mimi huona hicho chumba kidogo. Utamaduni huo ulijengwa na watu ambao hawakuwa na nafasi nyumbani, wakaenda kuinunua kwa bei ya birika la chai.

Jumba la kuelea

Pesa ilipoingia mjini miaka ya 1970, chakula cha Kichina nacho kikaanza kuvaa nguo za kutoka. Maxim's, wale wa stori yetu, wakaanzisha mikahawa ya Kichina ya hadhi. Watu wa hapo wakaanza kulipa pesa nzuri kula chakula chao wenyewe kwenye kitambaa cheupe, na hakuna aliyewauliza mbona hamtaki cha Kifaransa.

Halafu kukawa na Jumbo, mkahawa wa kuelea majini pale Aberdeen, uliojengwa kama kasri la mfalme, taa na dragoni kila mahali. Historia yake ilianza na msiba: 1971, kabla haujafunguliwa, moto uliua watu 34. Tajiri Stanley Ho akauchukua, ukafunguliwa 1976. Uliweza kukalisha zaidi ya watu 2,000. Malkia Elizabeth alikula huko. Tom Cruise pia. Na familia za kawaida zilipanda boti ndogo Jumapili kwenda kula huko, wakapiga picha kwenye kiti cha mfalme.

Ulifungwa 2020 korona ilipokuja na watalii wakaisha. Juni 2022 ukavutwa kwa meli kutolewa Hong Kong, na ukapinduka katika bahari ya kusini mwa China. Watu wa Hong Kong walihuzunika kwa njia iliyowashangaza hata wao. Wengi walikuwa hawajakula huko kwa miaka. Lakini ni tofauti kujua mahali papo na hujaenda, na kujua hapapo tena.

Mwaka huohuo wa 2022 Lin Heung nayo ikafunga. Ikarudi 2024, na watu wakapanga foleni nje.

Nyota za kampuni ya tairi

Sasa tufike kwa ile kitu sisi watu wa mitandao tunapenda kutaja: nyota za Michelin.

Michelin ni watengenezaji wa tairi. Kweli kabisa. Mwaka 1900 huko Ufaransa, ndugu wa Michelin walitoa kijitabu cha bure cha kuwasaidia wenye magari kujua wapi pa kulala, kula na kurekebisha gari. Mtu akisafiri zaidi, tairi zinaisha haraka, biashara inasonga. Nyota zilianza 1926, na mfumo wa moja hadi tatu ukaja 1931. Hiyo ndiyo mizani ambayo dunia nzima imekubali itumike kupima chakula cha kifahari.

Mizani hiyo ilifika Hong Kong na Macau kwa mara ya kwanza Desemba 2008. Mkahawa wa Lung King Heen, ndani ya hoteli ya Four Seasons, ukapata nyota tatu, mkahawa wa kwanza wa Kichina duniani kufika hapo. Mpishi wake, Chan Yan-tak, alikuwa ameingia jikoni akiwa kijana mdogo sana. Fikiria: chakula cha watu waliokuwa wanawekwa karibu na choo sasa kiko kileleni, na wageni wanangoja wiki nyingi kupata meza.

Lakini stori ninayoipenda zaidi ni ya mwaka uliofuata. Mak Kwai Pui, aliyekuwa akitengeneza dim sum huko huko Lung King Heen, aliacha kazi na kufungua kibanda chake 2009 mtaa wa Mong Kok, yeye na mwenzake Leung Fai Keung. Viti kama 20. Meza zimebanana, hakuna kitambaa, karatasi ya menyu unaitia alama kwa kalamu mwenyewe. Wakaita mahali hapo Tim Ho Wan. Mkate wao wa nyama ya nguruwe, uliookwa badala ya kupikwa kwa mvuke, ukafanya watu wasimame foleni masaa. Kwenye kitabu cha 2010, Tim Ho Wan ikapewa nyota moja, ikajulikana kama mkahawa wa bei nafuu zaidi duniani wenye nyota ya Michelin.

Ukiangalia vizuri, mikono ilikuwa ileile. Mpishi aliyekuwa anawapikia matajiri juu ya bandari ndiye alikuwa sasa anampikia mwanafunzi na mshona viatu wa Mong Kok. Kilichokuwa kimeongezwa kwa bili ya ile hoteli kubwa ni mandhari, kiti, kimya, na nani ameketi meza inayofuata. Sidharau hivyo vitu, wakati mwingine ndivyo unavyotaka kununua. Nadai tu tujue tunanunua nini.

Na usidhani iliishia kama hadithi tamu ya maskini aliyeshinda. Kodi Mong Kok ilipanda, kile kibanda cha kwanza kikahama. Jina likaenda nchi nyingi, na mwishowe kampuni yenyewe ikaingia mikononi mwa Jollibee, wale wa kuku wa Ufilipino. Foleni ya watu wa kawaida ilikuwa imegeuka mali ya soko.

Tukirudi kwetu

Sasa mbona nawachosha na Hong Kong? Kwa sababu Nairobi tuna ile meza.

Wakati wa ukoloni, Mwafrika aliingia hoteli kubwa za Nairobi kwa mlango wa nyuma, akiwa mpishi, mfuaji au "boi" wa miaka 45. Uhuru ulikuja, milango ya mbele ikafunguliwa, na watu wengi wakaamini hayo yameisha. Halafu Machi 2015, tukasoma kwenye magazeti kwamba mkahawa mmoja wa Kichina Kilimani haukuwa unaruhusu wateja Waafrika kuanzia saa kumi na moja jioni, isipokuwa wachache waliojulikana. Sababu waliyotoa ilikuwa usalama. Kelele ikawa kubwa, na mkahawa ukafungwa kwa kukosa leseni.

Mimi hapo huwa najiuliza swali linaloniuma. Wachina wa Hong Kong ndio walikuwa wanabeba taa na pasi usiku. Wachina ndio walikuwa wanakalishwa karibu na choo. Sisi nasi ndio tulikuwa na kipande. Mtu aliyewahi kuumizwa kwa mpangilio wa meza anawezaje kuuchukua huo mpangilio na kuutumia kwa mwingine? Jibu langu ni kwamba kuumizwa hakumfundishi mtu haki moja kwa moja. Mara nyingi kunamfundisha tu ni meza gani ni nzuri.

Na kabla tuwarushie Wachina mawe, tujiangalie. Nimewahi kuenda mahali pa kifahari hapa Nairobi, sitataja jina, na weita aliyenipokea alikuwa kijana wa rika langu, Mkenya kama mimi. Aliniangalia viatu kwanza. Akauliza kama nimehifadhi meza, na nilikuwa nimehifadhi. Akanipeleka kona ya mlango wa jikoni. Dakika kumi baadaye wakaingia watalii wawili na kaptula na ndala, hawakuwa wamehifadhi chochote, wakapewa dirishani. Hakuna bango lilisema hivyo. Hakuna meneja alisimama kuelekeza. Miguu ya kijana ilijua njia.

Sikumchukia. Kuna mtu alimfundisha kwamba hao wageni wanaacha tipu na sisi tunaacha picha. Inawezekana amewahi kuona ni kweli. Lakini hapo ndipo ubaguzi unaishi siku hizi, kwenye hesabu ndogo za kichwani ambazo kila mtu ana sababu yake nzuri ya kuzifanya.

Miguu ya kuku

Nilisema tutarudi kwa miguu ya kuku, kwa hivyo tumalizie hapo.

Kwenye dim sum, miguu ya kuku inaitwa makucha ya feniksi, yule ndege wa hadithi. Wanaikaanga kwanza, wanailoweka ivimbe, wanaichemsha na viungo, halafu wanaipika kwa mvuke na maharage meusi yaliyochachushwa. Ni kazi ya masaa mengi kwa kitu ambacho hakina nyama ya maana. Inaletwa kwa kikapu kilekile kama har gow, kwa meza ileile, na hakuna anayeona aibu kuila. Bosi anakula, nyanya anakula, mifupa inatemwa kwa sahani, maisha yanaendelea.

Hapa Nairobi miguu ya kuku tunayo pia. Ukienda Korogocho au Kariobangi jioni utaipata kando ya barabara, pamoja na vichwa na shingo, imechemshwa au kukaangwa, na watoto wakiizunguka. Ni tamu. Lakini kwetu hiyo ni siri ya mtaa. Mtu akipata kazi, kitu cha kwanza anasema ni "siku hizi siwezi kula hiyo". Halafu mtu huyohuyo anaenda mkahawa wa dim sum Hurlingham, anaagiza miguu ya kuku kwa bei ya kuku mzima, anapiga picha, anaandika "ladha za Asia".

Simcheki. Lakini hapo ndipo naona tofauti yetu na wale wa Hong Kong. Wao chakula cha mbeba mizigo walikipandisha wenyewe mpaka hoteli ya nyota tatu bila kukionea aibu njiani. Sisi tunangoja mtu mwingine akivishe jina la feniksi ndiyo tukitambue.

Mutura haina nyota. Supu ya kichwa haina. Yule mama wa chapati anayekunja unga tabaka kwa tabaka saa kumi alfajiri ana mikono ambayo ningeiweka mbele ya mpishi yeyote wa dim sum niliyemwona akikunja har gow. Sisemi tumfungulie mkahawa wa kitambaa cheupe na tumuongezee bei mara kumi, tumeona Mong Kok hiyo huisha vipi. Nasema tu, ukila kwake, kula umeketi, piga picha ukitaka, taja jina la kibanda chake kama unavyotaja la Westlands.

Na ukienda ile ya Westlands, nenda bila woga. Pesa yako ni pesa. Wakikupeleka karibu na choo na unaona meza za dirishani ziko wazi, usikae. Simama hapohapo, kwa heshima, sema: "Naomba ile pale." Mara nyingi watakupa, kwa sababu hawakuwa na sababu ya kukunyima, walikuwa na mazoea tu. Na kama wewe ndiye unafanya kazi mlangoni, najua kuna wengi wenu mnasoma hapa, chunga miguu yako inaelekea wapi kabla hujasema karibu.